Krismasi Bila Damu

Krismasi ya mwaka jana Modest alimpasua mdogo wake Renatus mdomo kwa fimbo, wakigombania shamba la marehemu baba yao, na hakuna aliyekanyaga kanisani. Mama yao, Kornelia, akaapa: mwaka huu wanangu watapokea komunyo pamoja, wapende wasipende.

Akajipanga tangu Oktoba. Mama huyu akipanga jambo, hata kuku wa kijiji chote cha Endagikot wanalijua. Pombe hakupika. Fimbo na mapanga akavifungia stoo. Majilio yote, majuma manne ya kungoja Krismasi, alimpigia simu Modest, aliyehamia mjini Katesh, kila jioni wasali rozari, na Renatus akiitikia pale pale jikoni. Maungamo, maana mwenye dhambi nzito hapokei komunyo bila kuungama, aliyapanga mkesha wa Krismasi, alasiri, yeye akiwa katikati yao kama mgambo aliyekamata wezi.

Mchana wa mkesha Modest akaingia amelewa chakari. Alikunywa njiani, na njia mama hakuweza kuifungia stoo.

"Shikamoo mama. Panga liko wapi, nikachinje mbuzi wangu?"

"Marahaba. Mbuzi ameshachinjwa. Nawa uso twende kanisani."

"Kachinjwa na nani?"

"Na mimi," Renatus akajibu kutoka jikoni. "Wewe si ulikuwa baa?"

Fahali wawili hawakai zizi moja. Modest alimrukia, akampiga kichwa puani, damu ikaruka hadi kwenye unga. Renatus akamng'ata sikio. Wakaanguka na sufuria la maji. Modest akamkalia kifuani, akamkaba koo kwa mikono miwili. Renatus alitupa miguu, macho yakamtoka, kisha miguu ikaanza kulegea.

Kornelia akashika mchi wa kinu. Pigo la kwanza lilimwokoa Renatus, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwa hilo sitamlaumu. Modest alianguka pembeni, mkono umevunjika. Lakini la pili je? La tatu? Alimpiga mgongoni, begani, mbavuni, huku akipiga kelele, "Mwaka mzima nasali! Mwaka mzima!" Na ukweli usemwe, alisikia raha.

"Mama, basi! Utamwua!"

Renatus alijitupa juu ya kaka yake, na pigo la mwisho likampata yeye.

Ndugu wakapakiwa kwenye bodaboda moja, mdogo amemkumbatia mkubwa asianguke. Hospitalini walimkuta padre akizungukia wagonjwa. Wakaungama palepale, mmoja baada ya mwingine, wakalia kama watoto. Kornelia alibaki nyumbani anasugua damu sakafuni.

Asubuhi ya Krismasi kanisa lilijaa hadi mlangoni. Wakati wa komunyo Modest alisimama, mkono umefungwa plasta, Renatus akamshika kiuno.

"Mama, twende," Renatus akanong'ona.

"Nendeni."

Akawatazama wakipiga magoti bega kwa bega, kama alivyoomba mwaka mzima. Yeye alibaki kwenye benchi peke yake. Alikuwa hajaungama, na kibaya zaidi, alikuwa bado hajajuta.