Noella Alipobadilisha Njia

Noella alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mulongwe, mke wa Gédéon na mama wa watoto wawili, na udhaifu wake mtaa mzima uliujua: maandazi ya Bernardine. Kila jioni akitoka shuleni alisimama penye karai, akala mawili papo hapo, akafungiwa mengine ya nyumbani. Ya nyumbani hayakuwahi kufika yote.

Ndipo muforomo, muuguzi wa kituo cha afya, akampima tansiyo ya damu, akaguna, akamwambia apunguze mwili kabla moyo haujachoka. Chakula cha mezani hakikumsumbua. Bukari, ugali wa kila siku, aliupunguza, akala mboga ya lengalenga na visamaki vya ndagala vya kuchemsha. Kilichomtesa ni hamu ya jioni, ile isiyomwuliza mtu kama ana njaa. Alitafuna matango. Alikunywa maji mpaka tumbo likalia. Alifua nguo zisizo chafu ili mikono iwe na kazi. Mwishowe akaona dawa ni moja tu, asiisikie ile harufu. Akaiacha njia ya Bernardine, akawa anazunguka kwa chini, kando ya ziwa. Hakumwambia mtu hata mumewe. Aliona haya, mtu mzima kukimbia karai la mafuta.

Miezi ikapita, nguo zikaanza kumpwaya.

Ijumaa moja akitoka shuleni alikuta mlango wa ua wa kwake uko wazi. Ndani wanawake wameketi juu ya mikeka, sauti chini. Mama yake, anayeishi Makobola na asiyepanda gari bila jambo kubwa, alikuwa katikati yao, mashavu yamelowa. Gédéon alikuwa amekwenda Lubarika kununua mpunga. Noella akajua msiba ni wa Gédéon.

"Mama, nani amekufa?"

Walimtazama toka miguuni mpaka kichwani, kisha wengine wakainamisha macho.

"Hakuna mwenye amekufa," mama yake akasema. "Tumekuja juu yako weye. Banasema uko mugonjwa sana, haukule tena, unapita njia ya ziwa juu bantu basikuone."

"Nani anasema?"

Bernardine akainuka taratibu, akikunjakunja ncha ya kitenge chake. "Ni minye, mama mwalimu. Uliacha kuja. Siku moja nikakuona kwa mbali, umekwisha mwili. Niliogopa."

Ndipo Noella alipoiona mifuko miwili mlangoni mwa nyumba. Mmoja ulikuwa wazi, na ndani yake sare ya shule ya bintiye Arakaza imekunjwa vizuri. Juu ya ule mwingine viliwekwa viatu vya Kwizera, mwanawe mdogo.

"Hizi nguo zinaenda wapi?"

Alijibu Pudentienne, shangazi wa Gédéon, macho yake yakiwa mkekani. "Arakaza angeenda Makobola na bibi yake. Kwizera angebaki kwangu. Tulitaka upumuzike."

Yeye akifundisha kuandika, hapa kwake watoto wake walikuwa wakigawanywa.

Mama yake akamsogezea sahani. Maandazi, ya moto bado. "Kula, mwanangu. Nikuone ukikula."

Mkono wa Noella ukanyooka wenyewe. Hofu ilikuwa imeiamsha hamu kuliko siku zote, mate yakamjaa. Vidole vyake vikaligusa andazi, vikabaki pale, kisha akavirudisha.

"Siko mugonjwa, mama. Ninayapenda haya mpaka ninayakimbia." Akawaeleza yote, tansiyo, matango, nguo safi alizozifua, na njia ya ziwa.

Mwanamke mmoja akaficha kicheko ndani ya kitenge, lakini mama yake Noella hakucheka.

"Na haukuniambia."

"Niliona haya."

Noella akaenda mlangoni, akapiga magoti, akaanza kuzitoa nguo. Viatu vikamponyoka. Mama yake akaja akachuchumaa kando, akashika upande wa pili wa sare.

"Watoto banajua?" Noella akauliza.

"Hatujabaambia."

Nje sauti ya Kwizera ikasikika, akimwita dadake amsubiri. Noella akazirudisha nguo na viatu haraka, akaikumbatia mifuko yote miwili, akakimbia nayo chumbani, akaisukuma chini ya kitanda kwa mguu mpaka ikafika ukutani.