Hapana ya Kwetu

Mjukuu wangu alipopata kazi ya kufundisha Kiingereza nchi ya watu, wazazi wake walifurahi sana, halafu wakakumbuka kwamba hajui hata kukunja shuka. Ndipo wakanigeukia mimi. Ikakubaliwa niende naye muhula wa kwanza, nimwekee nyumba sawa, akishazoea nirudi. Yeye alilalamika kwamba ni aibu mwalimu mzima kufuatana na bibi yake. Nikamwambia asihangaike, akiulizwa aseme amekuja na mke wake. Tangu yuko mgongoni namwita mume wangu. Wengine nyumbani wanamwita Profesa, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akivaa miwani ya marehemu babu yake na kuwasomea kuku gazeti.

Tulipewa vyumba viwili juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi ulipanda mpaka kwetu, nguo zetu zikanukia sabuni hata kabla ya kufuliwa. Shule ilikuwa mtaa wa pili, shule ya watu wazima wanaotaka Kiingereza cha kazi: dereva wa lori, muuguzi, mpishi wa hospitali na wenzao. Mkataba wa Profesa ulikuwa wa muhula mmoja wa majaribio. Ukiisha, Mwalimu Mkuu angeamua kama anabaki au anafungasha.

Sasa, huyu nimemlea mimi, na nyumbani kwetu kitu ukipewa hukipokei papo hapo. Unasema hapana, asante, usijisumbue. Mwenyeji anakushurutisha. Unasema hapana tena, safari hii kwa sauti ndogo. Anakusukumia mkononi. Ndipo unapokea, na kila mmoja ameonekana mtu wa adabu. Kule tulikokwenda, ukisema hapana, wanakuamini.

Tulijua hivyo siku ileile ya kufika. Dobi, mama mnene mwenye huruma, alipanda ngazi na meza ndogo begani, akisema ameona hatuna pa kulia chakula. Profesa akamwambia hapana, asijisumbue. Yule mama akasema sawa, akageuka, akashuka na meza yake. Tulisimama mlangoni tukiisikia inagonga ukuta mpaka chini. Tukawa tunakula juu ya sanduku la nguo. Shuleni nako ikawa hivyohivyo: mwenzake alimkaribisha chai, akakataa kwa heshima, na birika likampita kama basi lililojaa. Akarudi nyumbani mdomo umemkauka. Nikamwambia, mume wangu, utakonda kwa adabu.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mrefu, wa maneno machache. Kila Ijumaa alimuuliza darasa linaendaje, na kila Ijumaa Profesa alijibu, "Tunajaribu tu, bado sana." Kwetu mtu akisema hivyo unajua mambo yake yamenyooka. Na kweli yalikuwa yamenyooka. Yule dereva wa lori alikuja hajui kuuliza hata bei. Siku moja akampigia simu daktari wa mwanawe, akaeleza homa ya mtoto mwanzo mpaka mwisho, akaeleweka. Asubuhi yake alimshika Profesa mkono asiuachie mpaka kengele ikalia. Mjukuu wangu aliporudi hakugusa chakula. Alikaa dirishani akitabasamu peke yake kama mtu aliyekubaliwa posa. Nikajua moyo wake umeshapata pa kukaa, na kwamba akiambiwa afungashe, ataumia.

Mwalimu Mkuu, kwa upande wake, alikuwa akisikia "bado sana" na kuyachukua maneno kama yalivyo. Akamwonea huruma. Kwanza akamwondolea darasa la mchana. Halafu akaanza kumbebea vitabu, na hata kumfutia ubao, mama wa watu, kama anahudumia mgonjwa. Profesa akadhani anatayarishwa kuachishwa. Kila alipopunguziwa kazi akazidi kunyenyekea, na kila alipozidi kunyenyekea akapunguziwa nyingine.

Muhula ukielekea ukingoni, aliitwa ofisini akaulizwa kama angependa kubaki mwaka mzima. Mjukuu wangu, mtoto wa kulelewa, akasema hapana, bila shaka wapo wengine wanaofaa kuliko yeye. Akatulia akingoja kushurutishwa. Mwalimu Mkuu akamshukuru kwa kusema ukweli, akamfungulia mlango.

Alinikuta nachambua maharage. Akakaa juu ya sanduku bila kuvua koti.

"Bibi, nimeikataa kazi."

"Umeikataa mara ngapi?"

"Moja."

"Na yeye?"

"Ameniamini."

Mungu anisamehe, nilicheka. Halafu nikayaona macho yake, nikaacha maharage. Alisema tangazo la kutafuta mwalimu mwingine litabandikwa wakati wowote. Akajaribu kujipa moyo kwamba labda atangoja, huenda mama yule akauliza tena.

"Hatauliza," nikamwambia. "Huyu naye ameshashuka na meza yake. Kesho nenda ukaseme unaitaka."

"Niseme hivyo tu? Kwa mdomo wangu?"

"Kama una mwingine wa kuazima, utumie."

Tulifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Mara ya kwanza alianza na samahani, akapitia hali ya hewa, akauliza afya ya watoto wa Mwalimu Mkuu, mpaka nikamwambia hapo mwenzako ameshasinzia. Mara nyingine akasema anaitaka kama haitakuwa usumbufu. Nikamrudisha mwanzo. Mwishowe akasema, "Naitaka kazi hii," kisha akajifunika uso kwa taulo kama bibi harusi.

Asubuhi nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi la korido, naye akaingia na kuusahau mlango wazi. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo mengine alinieleza baadaye njiani, lakini nyuso nilizisoma mwenyewe. Alilisema lile neno akiwa wima, mikono nyuma, kama mtoto anayesomewa kosa. Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akamuuliza kwa nini basi jana alikataa. Profesa akamweleza desturi ya kwetu, yote, na zile hapana mbili na kule kusukumiwa mkononi.

Mama yule akaiweka miwani mezani. Halafu akauliza taratibu: na lile "bado sana" la kila Ijumaa? Profesa akasema maana yake linaendelea vizuri. Na darasa la mchana, halikuwa likimchosha? Akasema alikuwa akilipenda kuliko yote.

"Kumbe nimekuwa nikimwokoa mtu ambaye hazami," akasema Mwalimu Mkuu, akacheka mpaka katibu wake akachungulia. Akaeleza kwamba kwa wiki nyingi alikuwa hapati usingizi, akidhani anamtesa kijana wa watu aliye mbali na kwao. Niliposimuliwa hilo nilimpenda yule mama. Wapo wanaokuajiri na wapo wanaokosa usingizi kwa ajili yako.

Akampa mwaka mzima, na darasa la mchana likarudi. Walishikana mikono. Nikaanza kutafuta mkoba wangu, nikijua yamekwisha. Lakini Mwalimu Mkuu, kwa kuwa sasa ameona mtu anapenda kufundisha, akamuuliza kama angechukua na darasa la Jumamosi.

"Hapana," akasema Profesa.

Safari hii mama yule hakuugusa mlango. Alivaa miwani yake, akamwinamia kidogo, akamtazama vizuri.

"Hiyo ni hapana ya kwenu au ya kwetu?"

Mjukuu wangu akafikiri. Niliona masikio yake yanacheza.

"Ya kwenu," akasema. "Jumamosi nalala."

Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa, akamwamini.