Mramura Uliocheza

Mramura alioujaribu Vestina kwa kidole ulicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Baba yao ndiye aliyeipanda miti hiyo ya mpaka kukigawa kibanja chao cha migomba, upande wa Vestina na upande wa mdogo wake Rwekaza, na mti wa mpaka wa miaka yote hiyo hauchezi.

Hakuja kijijini Rubafu kwa mapenzi. Neno moja ndilo lililomtoa nyumbani kwake Rwamishenye asubuhi ile. Alimuuliza Rwekaza kwenye simu kama mpaka wao uko salama, naye, mtu asiyechanganya Kiingereza hata akilewa, akajibu: "Definitely, dada." Yaani, bila shaka yoyote. Vestina alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu. Anajua watu hulikimbilia neno hilo hasa pale uhakika wao unapopwaya. Asili yake pia anaijua: limetoka katika neno la Kilatini la mwisho wa kitu, la mpaka. Mtu anamega ardhi yako, halafu anakuapia kwa neno la mpaka!

Aliushika mramura kwa mikono miwili, akaung'oa. Mizizi ilikuwa michanga, myeupe. Rwekaza akatokea migombani.

"Umeuhamisha," Vestina alisema.

"Nimeuhamisha, waitu," Rwekaza alijibu kwa heshima.

"Bila hata aibu?"

"Kwanza tazama umekwenda upande gani, dada."

Akatazama. Kaburi la mama yao siku zote lilikuwa upande wa Rwekaza. Sasa lilikuwa nyuma ya Vestina, ndani ya eneo lake yeye.

"Mwanangu Privatus anataka kuuza," Rwekaza alisema. "Nikifa, hatangoja hata matanga yaishe. Lakini kilicho chako hawezi kukigusa."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Privatus alikuwa amekaa kando yangu. Nikatumia neno lako. Si wewe uliyenieleza, tukimenya ndizi jikoni kwa mama, kwamba ndani ya neno hilo kuna mpaka? Nilijua utashtuka, utakuja."

Vestina alimchunguza usoni. Shaka haikumtoka yote, na hilo lilimuumiza.

"Na wewe? Umebaki na nini?"

"Kukuomba tu." Rwekaza alitazama kaburi. "Nataka kulala hapo, kando ya mama. Utanikubalia?"

Vestina akapiga magoti, akaurudisha mramura shimoni, palepale Rwekaza alipouhamishia, akaushindilia udongo kwa viganja. Alipoujaribu kwa kidole, bado ulicheza.