Majibu Ndani ya Mkono wa Koti

Haya yote ni kweli tupu. Nikidanganya hata nukta moja, meno yangu manne yaliyobaki yadondoke kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Wanaonijua watacheka. Wacheke. Safari hii sina hamu ya kuchekesha mtu, maana mambo yenyewe yananitia kichefuchefu, na sehemu kubwa ya uchafu huo niliuleta mwenyewe.

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akikupima kwa macho tu. Kuna jamaa alipita mbele ya duka kwa baiskeli, mbio, kaka akamshonea suruali ikamkaa kama ngozi. Jamaa hakuwahi hata kushuka. Kaka huyo huyo ugonjwa wa kusahau ukaanza kumla. Kwanza yalipotea majina ya wateja, kisha njia ya chooni, mwisho akawa anakaa dirishani kutwa na kuniita "baba".

Kituo cha afya kikaanzisha kundi la wazee kama yeye. Mara mbili kwa wiki, wiki saba, kwenye ukumbi wa ghorofani: wanarushiana mpira, wanaimba, wanashika vitu na kuvizungumzia, akili ipate kuamshwa. Ukumbi ulinuka mkojo uliofunikwa kwa dawa ya sakafu, na mende wake walikuwa wakubwa kiasi kwamba ngazini nilikuwa nawapisha. Nilidharau. Mpaka siku muuguzi alipoleta vipande vya vitambaa. Kaka alisugua kimoja kati ya vidole, akainua kichwa.

"Binti, hii waliposema ni pamba, uliamini?"

"Niliamini, mzee."

"Wamekupiga. Nailoni tupu hii. Ukisogea karibu na jiko itakugandia mwilini."

Ukumbi mzima ulicheka, naye akacheka. Tuliporudi nyumbani akaketi kwenye cherehani, mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akapinda pazia. Mimi nilikimbilia jikoni nikajifanya nakata vitunguu.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kabla kundi halijaanza alikuja mtu wa makamo, tukampa jina Bwana Alama. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ya alama thelathini, na baada ya wiki saba kuuliza tena, ijulikane kundi limesaidia kiasi gani. Mimi nilitolewa nje, nikachungulia na kusikiliza mlangoni. Kila akifunua karatasi alilamba kidole gumba. Akala biskuti huku anauliza, makombo yakimdondokea kaka gotini. "Leo siku gani? Rudia: kikombe, kiatu, mwezi. Mia ukitoa saba?" Kaka alitoka jasho kama mwizi aliyekamatwa. Kumi na nne kwa thelathini. Nilitamani kutema mate.

Wiki ya tano muuguzi akanivuta pembeni. "Babu, nikwambie ukweli. Alama za kundi zisipopanda, wakubwa wanafunga. Hapa patageuzwa stoo."

"Kaka yangu arudi dirishani?"

Akarudi kwa wazee wake.

Mimi nilikuwa msoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja. Ni mita ngapi nilizisoma nikiwa nimelala kivulini, usiniulize. Namba hupikika. Maswali nilishayasikia nikiwa nimebandika sikio mlangoni. Basi nikaandika majibu kwa chaki ndani ya mkono wa koti la kaka, kwenye bitana, naye akapitisha uzi mwekundu juu yake: ALHAMISI, kwa kuwa ndiyo siku iliyopangwa ya kipimo cha pili, kisha tarehe, kisha yale maneno matatu. Herufi zilinyooka kama za kiwandani.

Halafu nikamfanyisha mazoezi. Hapa ndipo najionea kinyaa. "Leo siku gani? Tazama mkono! Siku gani?" Asubuhi na jioni. Nilimfokea hadi siku moja akajikojolea kitini, akasema, "Samahani, mwalimu." Nilimbadilisha suruali bila kumtazama usoni. Kesho yake nikaendelea.

Bwana Alama akaja Jumanne. Alhamisi ana safari, eti. Nikamdaka kaka mlangoni.

"Kaka, vua koti, kuna joto."

"Koti la fundi halivuliwi na mteja. Niache."

Akaketi, mimi nikabaki mlangoni. Bwana Alama hajafungua hata kalamu, kaka kashakunja mkono wa koti, anasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Alhamisi! Kikombe, kiatu, mwezi!"

"Mzee, bado sijauliza. Na leo maneno ni mengine."

"Kosa ni lako. Hapa imeandikwa."

Bwana Alama akaugeuza ule mkono wa koti. "Nani kakufundisha?"

"Huyo." Kidole kikanielekea bila wasiwasi. "Mdogo wangu. Mwongo tangu utoto, ila hana ubaya."

Mdogo wangu! Mwaka mzima nilikuwa baba, mwalimu, mteja.

"Na nani kashona?"

"Kwani hapa fundi ni nani?"

Bwana Alama akapitisha kile kidole chake cha mate juu ya uzi, polepole. "Kazi safi," akasema. "Bahati mbaya fomu haina mahali pa kuiandika." Kisha akafunga faili: kama mmoja kafundishwa, atajuaje wengine hawakufundishwa? Alama za kundi zima hazina maana.

Muuguzi alimsihi hadi sauti ikakauka. Mwishowe Bwana Alama akakubali kurudia kipimo wiki iliyofuata kwa maneno mapya, mimi nisionekane ghorofani. Wazee kumi na mmoja wakakamuliwa upya kwa sababu yangu. Bibi mmoja alitoka analia, anauliza amekosa nini. Nilikuwa chini ya ngazi, nikamsikia.

Kaka alipata kumi na saba, halali yake. Za wenzake zilipanda kidogo, kidogo cha kutia aibu, lakini zilipanda. Wakubwa wakaridhia wiki saba nyingine.

Siku ya kwanza muuguzi alinisubiri mlangoni na brashi, na glavu zenye matundu.

"Choo cha wazee, babu. Kila siku ya kundi, mpaka wiki saba ziishe."

"Mwanangu, mgongo wangu..."

"Mgongo ulipokuwa umeinama mlangoni unasikiliza, haukuuma?"

Nikapiga magoti. Kilichokuwa mle sikiandiki; hata mimi nina mpaka. Nilikuwa nimeziba pua kwa bega kaka alipoingia, akajisaidia nusu ndani, nusu nje, akafunga vifungo vya koti kwa utaratibu, akasimama kunikagua.

"Kijana, hapo pembeni umeruka."

"Nimepaona, kaka."

"Umepaona, hujapasugua."

Nikasugua.