Kona ya Nne

Royce alichimba mashimo matatu, akasimama. Katika kisiwa kile kigingi cha hema ni kazi bure, kwa kuwa mchanga haushiki kitu na upepo wa baharini haubembelezwi. Wenyeji hujaza mifuko mchanga, huifunga kwenye kamba za hema, kisha huifukia kina cha goti. Kwa miaka kumi na mmoja, shimo la kona ya nne lilikuwa kazi ya Colby, mwanawe. Naye Colby alizama katika bahari ya hapo hapo, ng'ambo ya tuta la mchanga, Agosti ya mwaka jana, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa.

"Lichimbe tu," Marva, mkewe, alisema akiwa ameketi juu ya sanduku la barafu. "Hema halijui msiba."

Marva ndiye aliyetaka waje, tena nafasi ile ile ya kambi, namba thelathini na nane. Royce alikuwa ametoa visingizio mpaka vikamwishia: barabara imefukiwa na mchanga, upepo ukigeuka kutoka bara utaleta nzi wanaouma. "Nzi walikuwepo miaka yote," Marva alimjibu, "na wewe ndiye uliyekuwa ukituambia tusideke." Basi wakaja, na njiani hawakuzungumza ila habari za petroli na mkate wa mahindi.

Alasiri alipita askari wa hifadhi, msichana aliyeungua pua kwa jua, akienda hema hadi hema. Bendera nyekundu ilikuwa imepandishwa ufukweni.

"Mkondo leo ni mkali," alisema. "Ukiwashika, msishindane nao. Ogeleeni kuambaa ufuo, hata kama mnaona mnapelekwa mbali. Utawaachia wenyewe."

"Najua, binti yangu," Marva alisema kwa upole. "Maneno hayo nimewafundisha watoto miaka ishirini na miwili."

Msichana alikwenda zake. Marva alibaki akiitazama bendera.

"Wa watu wote niliwafundisha," alisema. "Wangu nikamharibu."

"Marva, acha."

"Niache nini? Yule mvuvi wa mshipi alimwona kwa mbali. Alisema Colby alikuwa anaambaa vizuri, kisha akageuka, akaukabili mkondo uso kwa uso. Mtu hafanyi hivyo ila aliyefunzwa vibaya." Alifungua mkoba, akatoa bahasha. "Nimewaandikia watu wa bwawa la kuogelea. Sirudi kufundisha. Jumatatu naiposti."

Royce aliitazama ile bahasha. Alijua kwa nini Colby aligeuka. Siku ile alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini, akimwona mwanawe akisombwa kuelekea kaskazini, kichwa kikizidi kuwa kidogo. Royce alizaliwa pwani ile, na alilijua somo lile kabla hajajua kusoma. Lakini hofu haisikii somo. Alinyanyua mikono yote miwili, akaipunga, akapaza sauti: njoo huku, njoo kwa baba. Colby alimwona. Kijana aliyebishana naye kwa kila jambo, kuanzia nywele mpaka kanisa, siku ile alitii.

Baadaye aliwaambia waliouliza kwamba alifika ufukweni akiwa amechelewa. Hakuna aliyemhoji zaidi. Mwaka mzima alilala karibu na mwanamke aliyekuwa akijilaumu, akamwacha ajilaumu, na alijichukia kwa jinsi alivyoweza kupata usingizi.

"Ni mimi niliyemwita," alisema.

Marva hakugeuka. "Ulimwita wapi?"

"Majini. Alikuwa anaambaa kama ulivyomfundisha. Nikaona anapotea. Nikamwita."

"Ulimwita vipi?"

Royce alitupa sepetu, akanyanyua mikono juu ya kichwa. "Hivi."

Marva aliitazama mikono ile muda mrefu, mpaka Royce mwenyewe akaishusha.

"Krismasi," Marva alisema, "nilikuwa nimeishika picha yake namwomba radhi. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukaenda kulala."

"Niliogopa utaondoka, Marva."

Marva aliinuka. Alivua viatu, akaviweka sawasawa kando ya sanduku, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Kisha akaiweka bahasha mikononi mwa mumewe.

"Hii ichane wewe," alisema, akapanda tuta, akashuka upande wa bahari.

Royce alimfuata mpaka kileleni, asithubutu kwenda zaidi. Chini yake Marva alikuwa amesimama majini, mawimbi yakimfika vifundoni na kuuvuta mchanga chini ya nyayo zake. Alisogea hatua moja mbele. Mkono wa Royce ulinyanyuka wenyewe, ukafika begani. Aliukamata kwa mkono wa pili, bahasha ikikunjamana kati yake, akaushusha.

Marva alisimama. Kisha akageuka kaskazini, akaanza kutembea kuambaa ufuo bila kuangalia nyuma. Royce akatembea juu ya tuta, upande ule ule, mwendo ule ule, huku nyuma yake kona ya nne ya hema ikipigwapigwa na upepo.