Vitufe Vyepesi

Tulipoingia dukani, kaka alikwenda moja kwa moja kwenye kinanda kikubwa kuliko vyote, akakipiga kofi mgongoni kama anayesifia ng'ombe mnadani.

"Hiki hapa, mdogo wangu. Vitufe vizito, kama piano yenyewe. Bendi ikipanda jukwaani na hiki, watu watajua sisi si wa mchezo."

Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya mkono wangu wa kulia, uliokuwa umefungwa bandeji mpaka vidoleni, na yeye alishausahau. Nilivunjika kifundo cha mkono mwaka jana. Niliteleza kwenye ngazi za ukumbi nikiwa nimebeba spika ambayo kaka, kwa kuwa ndiye mkuu wa bendi, aliona haihitaji watu wawili. Mfupa uliunga, kano hazikupona. Siku hizi nikipiga wimbo mmoja tu kwenye kinanda chetu cha zamani, kidole gumba kinakufa ganzi. Daktari wa mazoezi amenipa neno lake la mwisho: nitafute vitufe vyepesi au niache kupiga. Nina miaka thelathini na minane, na tangu nikiwa na tisa sijajua kazi nyingine.

Nikatoa nati zangu mfukoni. Fundi anayetutengenezea vyombo ndiye aliyenifundisha: unazipanga nati juu ya kitufe, moja baada ya nyingine, mpaka kizame chenyewe. Kwa mkono wangu zisizidi nne. Na usipime ukingoni tu kama wanavyofanya wanunuzi wote. Pima na huku ndani, karibu na vile vyeusi, maana kuna vitufe vinavyokuchekea mbele na kukukazia nyuma.

"Sasa unajenga ghorofa?" kaka akauliza. Muuzaji akacheka. Nilitamani kuwatupia nati wote wawili.

Kinanda cha kaka kilibeba nati saba ndipo kikashuka. Kilichofuata, kidogo cha kubebeka kwapani, kilitaka tatu mbele lakini tisa nyuma. Kaka akaanza kutazama saa na kupumua kwa nguvu ili nisikie. Nilipofika kwenye cha sita, cheusi kisicho na mapambo yoyote, kilishuka kwa tatu mbele na nne nyuma. Nikafungua bandeji, nikaketi, nikapiga wimbo wetu wa kufungulia onyesho. Nikaurudia, kisha nikaurudia tena. Kidole gumba hakikufa ganzi. Nilitaka kulia, nikajizuia.

"Hiki cha watoto," kaka akasema. "Nitakiweka wapi jukwaani? Nikifunike kitambaa?"

"Nifunike na mimi basi."

Muuzaji, ambaye nilishamweleza nilivyovunjika, akaona mambo yanaharibika, akajitia kutuliza. "Dada, ulipotolewa plasta walikwambia upumzike muda gani? Mke wangu alivunjika hivyo hivyo. Walimwambia miezi miwili asishike hata ufagio."

"Mimi wiki mbili," nikasema. "Kaka ndiye aliyeongea na daktari. Mimi nilikuwa ndani nakatwa plasta."

"Hata huyu walisema miezi miwili," kaka akadakia, macho yakiwa bado kwenye kinanda chake kikubwa. "Lakini madaktari nao wanatia chumvi. Tungengoja miezi miwili, lile tamasha lingetu..."

Akajiuma ulimi. Alikuwa amechelewa.

Nililikumbuka lile tamasha. Wiki ya tatu tangu nitolewe plasta, mkono umevimba, na yeye nyuma ya jukwaa ananiambia niache kudeka. Mwaka mzima nimekuwa nikijilaumu. Labda mazoezi niliyafanya nusunusu, labda mifupa yangu mibovu, labda kweli nadeka.

"Ulijua," nikasema.

"Mdogo wangu, usinianzishie mbele za watu. Bendi ni yetu sote. Nani mwingine angepiga?"

"Mkono ulikuwa wa nani?"

Akajifanya kusoma bei ya kinanda kikubwa.

Nikamwambia muuzaji anifungie kile cheusi, nalipa mwenyewe, na si cha bendi.

"Na onyesho la Jumamosi?" kaka akauliza. Hata pale, aliuliza Jumamosi.

"Jumamosi kapige wewe. Si unapenda vizito?"

Akanyoosha mikono achukue boksi. Nikamwambia aliache. Nikalikumbatia kwa mkono wa kushoto, nikaliegemeza begani, nikatembea mpaka mlangoni. Kitasa kilikuwa cha kuzungusha. Mkono wangu wa kulia hauzungushi kitu tena, na wa kushoto ulikuwa na boksi. Nikajaribu kwa kiwiko. Nikajaribu kwa nyonga. Nyuma yangu nikasikia viatu vya kaka vikija, vikasimama.

Sikugeuka. Nilikuwa bado na hasira naye, na bado nilimhitaji.

"Fungua," nikasema.

Akafungua.