Maji ya Doña Otilia

Asubuhi ya siku ya sita ya juma, Hadasa alikuwa mezani na Biblia ya mama yake, kalamu ya wino mweusi na rula ya shule. Alikuwa amefika katikati ya Zaburi. Kila alipokuta neno Bwana alilikata kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika Jina lenyewe, Yahwe, kwa herufi ndogo zinazosomeka. Kila anayejiunga na kusanyiko letu hapa kijijini Las Lajitas hufanya kazi hiyo kwenye Biblia yake, na mahali pa kukata ni zaidi ya elfu sita. Mwenye bidii humaliza kwa mwaka. Wavivu hukata Injili tu, halafu husema wino umeisha.

Doña Otilia, mama yake, alikuwa ameianza kazi hiyo mwenyewe na kufika kitabu cha Waamuzi, ndipo kiharusi kikamwangusha jikoni. Sasa mkono wake wa kulia ulilala tu mapajani, na mdomo wake ulikuwa umebakiwa na maneno matatu. Aliyatumia kwa kila kitu: kuomba kahawa, kulalamikia goti, kumfukuza mbuzi mlangoni.

"Ee Bwana wangu," alisema asubuhi ile, maana kahawa ilikuwa ya moto mno.

Ng'ambo ya njia, katika tangi la ukumbi wa ibada, maji yalipanda vidole vinne. Ndugu Zurieli, mtunza tangi, alitumbukiza kijiti chake cha kupimia, akakichonga alama, akarudi kivulini.

Hakuna aliyelipigia kelele jambo hilo. Mvua ilikuwa imekatika miezi kumi na minne, mbuzi walikuwa wakila magunzi na karatasi, na lori la maji lilikuja mara mbili likasahau njia. Tangi letu ni la saruji, limechimbwa ardhini ili kupokea maji ya paa, na lina ngazi saba za kushukia kwa sababu likijaa ndimo tunamozamishia watu kwa ubatizo. Doña Otilia alipotoka hospitali na kusema maneno yake matatu barazani kwake, tangi lilitoa sauti ya kumeza na maji yakaonekana chini. Wanawake wakaleta ndoo.

Aliyeumwa kichwa ni mzee wa kusanyiko, Eliakimu. Huyu kabla ya kuzamishwa aliitwa Dionisio, na kazi yake ilikuwa kupima uzito wa majogoo wa kupigana. Alipoelezwa kwamba jina lake lilitoka kwa mungu wa walevi, alilivua kama shati lililoingiwa na siafu. Tangu hapo hajakosea neno. Anafundisha, na sote tunafundisha, kwamba Bwana si jina bali ni cheo, na ndicho cheo alichoitwa Baali na watu wake, kwa hiyo anayemwita Bwana kaita nyumba ya jirani.

Siku ya Sabato alilitolea jambo la maji maelezo, kwa upole kabisa. Alisema Baali tangu enzi alijulikana kwa kugawa mvua, hivyo mtu akimwita akapata maji, hakuna la kushangaza. Alisema vilevile kwamba maji yenyewe yameumbwa na Yahwe na hayana kosa. Kosa ni la mdomo. Tunywe maji, tujitenge na mdomo. Tukasema haleluya, tukaenda kuchota.

Kuanzia siku hiyo Doña Otilia aliwekewa kiti cha plastiki nje, kando ya tangi, chini ya dirisha la ukumbi. Ndani hakuruhusiwa kwa sababu ya maneno yake. Nje alihitajika kwa sababu hiyohiyo.

Hadasa alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Nyuma ya ukumbi kuna kipande cha ardhi kilichozungushiwa waya, wanamolala waliozamishwa katika Jina, wakingoja kufufuka pamoja. Baba yake Hadasa yumo humo mwaka wa tisa sasa, na humo ndimo alitaka mama yake naye alazwe. Doña Otilia alimcheka mumewe miaka ishirini kwa ajili ya dini yake, akawasha mishumaa yake kwa watakatifu, akapika maharage ya sukari kila Kwaresima na kuyala mbele ya macho yake. Kisha siku moja, bila kuhubiriwa na mtu, alianza kukata Biblia yake, na miezi michache baadaye akakata kitambaa cheupe, akakaa kwenye cherehani kushona kanzu ya kuzamishiwa. "Nimechoka kulala peke yangu," alimwambia binti yake. Wiki iliyofuata akaanguka jikoni. Kanzu ilikuwa imebaki upindo tu.

Kwa hiyo Hadasa alimfundisha. Kila asubuhi alimshikia mama yake kioo.

"Tazama mdomo wangu, mama. Yah. Nusu tu inatosha. Yah."

Doña Otilia alitazama kwa makini. Alikusanya midomo, akavuta pumzi, jasho likamtoka puani.

"Ee Bwana wangu."

"Asante, Doña Otilia!" wanawake waliitikia kutoka kwenye tangi, na ndoo zikagongana.

Hadasa alipiga meza kwa ngumi. Alitamani kukivunja kile kioo, na siku nyingine alitamani kumtikisa mama yake mabega, kisha akajichukia kwa kutamani hivyo.

Siku kumi kabla ya Pasaka alimfuata Eliakimu. Alimkuta akikagua mikate ya muhogo, kasabe, ambayo ndiyo tunayoila wiki ya mikate isiyochachwa.

"Ndugu mzee, mama azamishwe na wenzake."

"Atasema Jina?"

"Unajua hawezi. Ataitikia kwa kichwa."

"Hata mjusi huitikia kwa kichwa, dada."

"Na Zurieli je? Zurieli ni bubu tangu kuzaliwa, na ulimzamisha wewe mwenyewe, mimi nikishika taulo."

Eliakimu aliweka mkate chini. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera. Mtu mbaya ungemtukana ukalala usingizi.

"Zurieli hakusema kitu," alijibu. "Aliyenyamaza hajamwita mwingine. Mama yako anaita."

"Akinyamaza?"

Mzee alifikiri, akapekua kurasa zake zilizojaa wino. Hakuona katazo. "Akishuka na akapanda kimya, nitamhesabu kama Zurieli. Lakini neno moja likimtoka, dada, basi."

Hadasa alitoka mbio kama aliyepewa mbuzi wa bure. Kosa lake lilikuwa kutolifikiria tangi. Waliotarajiwa kuzamishwa walikuwa watano pamoja na mama yake, na maji yalitakiwa yafike kifuani. Zurieli alipima, akaonyesha vidole na kufumbua viganja: maji yalifika magotini tu. Ilibidi Doña Otilia aseme maneno yake mara kumi na tatu, na baada ya hapo asiyaseme kabisa.

Siku ya mkesha wa kuzamishwa wanawake walifanya kazi ya kumsemesha. Walimkanda goti. Walimhadithia vichekesho vya marehemu mumewe na punda wa padri. Walimletea picha ya mjukuu aliyeko Santiago. Alisema, na maji yakapanda. Jirani yao, Doña Nidia, ambaye ni Mkatoliki na hajali kusikika, aliegemea ua wake na bakuli la maharage ya sukari mkononi.

"Tatica!" aliita, kwa jina la zamani la Hadasa. "Mnamkamua mama yako kama mbuzi, halafu zizini hamumtaki!"

"Siitwi Tatica tena, Doña Nidia."

"Niliyekupokea tumboni mwa mama yako ni mimi, nami nitakuita nipendavyo. Mpe huyo mama maharage yake, ana hamu."

"Hatuli vya Kwaresima."

"Wewe huli. Yeye umemuuliza?"

Doña Otilia alilitazama bakuli. "Ee Bwana wangu," alisema, na kwa hilo maji yalifika kifuani barabara. Hadasa aliona aibu hadi masikioni, lakini bakuli alilirudisha.

Asubuhi yake alimvisha mama yake kanzu nyeupe, na upindo ulikuwa umeshonwa. Alipiga magoti mbele yake, akajiwekea kidole mdomoni.

"Leo usiseme. Hata ukiumia. Hata ukifurahi. Ukinyamaza, mama, utalala kwa baba. Umenielewa?"

Doña Otilia alimshika mkono kwa mkono wake mzima na kuubana. Alielewa vizuri kabisa. Kiharusi kilichukua ulimi wake, akili hakikuigusa.

Alikuwa wa kwanza. Ndugu wawili walimbeba kwenye kiti chake cha plastiki na kushuka naye ngazi moja baada ya nyingine. Maji yalikuwa ya baridi, na tuliona mabega yake yakitetemeka. Akanyamaza. Mguu wa kiti uliteleza na goti lake bovu likagonga saruji. Akanyamaza. Eliakimu, aliyesimama majini, aliweka kiganja juu ya kichwa chake na kulitaja Jina kwa sauti nzuri aliyojaliwa, na kilichobaki kilikuwa kumlaza nyuma.

Hadasa alikuwa ukingoni na taulo begani. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili mama yake aige. Lakini machozi yalimtoka, akaanza kulia kwa kwikwi kama alivyolia utotoni. Mama yake alimwona. Doña Otilia alikuwa ameyavumilia maji na goti. Hilo hakuliweza.

"Ee Bwana wangu," alimwambia mwanawe, polepole, kwa sauti ya kumbembeleza.

Maji yalipanda vidole vinne na kumfikia mzee shingoni. Eliakimu aliondoa kiganja.

"Mpandisheni," alisema.

"Ndugu mzee, alikuwa ananiambia mimi!" Hadasa alipiga kelele. "Alikuwa ananituliza mimi!"

"Nimesikia alichosema, dada. Wote tumesikia."

Na kweli tulisikia. Hakuna aliyekanusha, na hakuna aliyefungua mdomo, nikiwemo mimi. Walimpandisha. Kilemba chake kilikuwa bado kikavu. Kisha wale wanne wengine walishuka mmoja mmoja na kuzamishwa, na walisema maji yalikuwa mengi na ya kutosha.

Pasaka ikafika jioni hiyo, jua lilipotua siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza. Ndani tulikula mwanakondoo, mboga chungu na kasabe, tukaoshana miguu katika mabeseni. Hadasa aliosha miguu ya mke wa Eliakimu, kwa kuwa ndivyo kura ilivyoanguka, na aliisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Mama yake alikuwa chini ya dirisha. Maji ya mabeseni yalipopungua, mtu alifungua dirisha na kumgusa bega ili aseme.

Alifariki siku ya tatu ya mikate isiyochachwa, alasiri, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Zurieli alichimba kaburi nje ya waya. Alilichimba karibu na waya kadiri jembe lilivyomruhusu, sambamba na kaburi la mume, na kati ya wawili hao pakabaki hatua moja na nusu. Eliakimu aliomba maombi marefu na alilia kwa dhati. Maji ya tangi yalianza kushuka siku iliyofuata.

Wiki ya pili, ardhi juu ya kaburi la Doña Otilia ilikuwa imelowa. Wiki ya tatu maji yalichirizika wazi, safi, bila tope, na kila yalipofika kwenye waya yaligeuka na kurudi upande wake. Kusanyiko lilikutana. Ilikubaliwa kwamba maji yameumbwa na Yahwe. Ndugu wawili walikwenda mjini Montecristi wakaleta bomba la plastiki, wakachimba mtaro kutoka kaburini, wakalipitisha bomba chini ya waya na katikati ya makaburi ya waliozamishwa, kando kabisa ya baba yake Hadasa, hadi kwenye tangi. Mwishoni walifunga koki ya shaba.

Hadasa alisimama kwenye mtaro kabla haujafukiwa.

"Kama bomba limepita," alisema, "waya unaweza kusogezwa. Hatua mbili. Nitachimba mashimo ya nguzo mimi mwenyewe."

"Bomba si mtu, dada," alijibu Eliakimu. "Bomba halifufuki."

"Mnamnywa."

"Tunakunywa maji. Tulishalizungumza hilo." Alimshika bega kwa upole. "Mtii Yahwe nawe utapata amani."

Hakuipata. Biblia ya mama yake aliimaliza kuikata mwezi uliofuata, hadi neno la mwisho la ukurasa wa mwisho, kwa rula, akaenda nayo kwa mzee. Eliakimu aliipekua, akaisifu kazi kwamba haina doa, akasema kwa bahati mbaya kazi hii haifanywi kwa niaba.

Mvua haijanyesha bado. Kila asubuhi tunapanga mstari kwenye koki, na Hadasa yumo kwenye mstari na ndoo yake, kwa sababu ana watoto na hakuna maji mengine. Zamu yake ikifika hufungua koki, husubiri ndoo ijae nusu, kisha husema kwa sauti, bila kumtazama mtu:

"Ndugu mzee, waya."

Naye Eliakimu, ambaye huwa pale na kitabu chake, humjibu vilevile kila siku, wala hakasiriki.

"Jaza ndoo, dada Hadasa. Wenzako wanangoja."

Na kweli, tunangoja.